Mateka Naye ni Mchezaji

Kwako Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua za wasomaji ili nizungumzie jambo ambalo huenda baadhi ya wazee wenzangu wakaliona dogo, lakini linachukua jioni nyingi za vijana wetu hapa Uganda na katika nchi jirani, nalo ni namna matukio ya utekaji nyara yanavyoendeshwa katika michezo ya kuigiza ya polisi na wahalifu inayochezwa kupitia intaneti. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili katika shule ya sekondari hapa Jinja, na kwa miaka minne sasa nimekuwa mmoja wa wasimamizi wa kikundi cha wachezaji wapatao 60 kutoka Jinja, Kampala, Gulu, Kisumu na Mwanza, ambao hukutana usiku katika seva moja, yaani kompyuta ya mtandaoni inayoubeba mchezo wetu, na kuigiza maisha ya mji mzima: wamo madereva wa teksi, wauguzi, wafanyabiashara, polisi, na bila shaka majambazi.

Kwa msomaji asiyeijua michezo hii, nieleze kwa ufupi. Mingi kati yake imejengwa juu ya Grand Theft Auto V, mchezo uliotoka mwaka 2013, kwa kutumia programu iitwayo FiveM inayowawezesha watu kuanzisha mji wao wenyewe wenye kanuni zao wenyewe. Watengenezaji wa programu hiyo walichukuliwa na kampuni ya Rockstar Games, mwenye mchezo, Agosti 2023. Katika mchezo wa kawaida mshindi ni yule aliyemmaliza mwenzake. Katika michezo ya kuigiza hakuna mshindi. Kila mchezaji hujitwalia mtu, jina na kazi, kisha hupaswa kutenda kama mtu huyo angetenda, akizungumza kwa sauti yake mwenyewe kupitia kipaza sauti, hivi kwamba jambazi anapotamka maneno ya kutisha kuna binadamu wa kweli mahali fulani, amevaa vipokea sauti masikioni, anayeyasikia.

Miezi miwili iliyopita majambazi wanne waliingia katika benki ya mji wetu wa kuigiza na kumkuta mwanafunzi mmoja wa Gulu, ambaye katika mchezo ni muuguzi, akiwa amekuja kutoa pesa. Wakamteka. Kuanzia hapo alikaa kwenye kona ya chumba, akiwa amekatazwa kusema na kusogea, kwa muda wa saa moja na dakika arubaini, huku polisi na majambazi wakivutana kwenye redio juu ya idadi ya magari yatakayoruhusiwa kuwafuata. Mwishowe polisi walichoka wakavunja mlango, jambazi mmoja akamfyatulia mateka risasi kwa hoja kwamba polisi ndio waliovunja ahadi, na kila mtu akakimbilia kwenye magari. Yule muuguzi akaamka hospitalini, na kwa mujibu wa kanuni za mchezo akatakiwa asahau yote yaliyomtokea.

Kesho yake wasimamizi tulipokea malalamiko mawili. Polisi walilalamika kwamba majambazi walidai mambo mengi kupita kiasi. Majambazi walilalamika kwamba polisi walivamia mazungumzo yakiwa bado yanaendelea. Niliyasoma yote mawili, nikayarudia tena, nikapima ni nani mwenye haki, kabla sijatambua kwamba katika kurasa zile zote msichana yule hakutajwa ila kwa neno moja tu, mateka, kama vile mtu anavyotaja mlango au gari. Nilimpigia simu. Alinieleza kwa upole, kama wanafunzi wanavyozungumza na mwalimu, kwamba alikuwa amenunua bando la wiki nzima kwa pesa zake za chakula cha mchana, kwamba sehemu kubwa ya bando hilo iliisha akiwa amekaa kwenye ile kona, na kwamba hakuona sababu ya kurudi. Tangu Julai 2021 data tunayonunua hapa Uganda inatozwa ushuru wa asilimia 12, na hakuna mwanafunzi anayeichezea ovyo.

Hapo ndipo penye kosa letu, Mhariri, na ninalikiri kama msimamizi. Kanuni zetu za utekaji, na za seva nyingi ambazo nimepata kuzisoma, zimeandikwa kana kwamba tukio lina pande mbili tu. Upande wa tatu, ambao bila huo hakuna tukio kabisa, umeachwa bila muda wake, bila sauti yake, na bila mtu wa kulalamika kwa niaba yake.

Kanuni inayojulikana zaidi katika michezo hii ni ile ya kuthamini uhai. Ukielekezewa bunduki na huna silaha, unapaswa kuogopa kama mtu yeyote angeogopa. Huruhusiwi kucheka, kukimbia katikati ya risasi, au kutoa bastola mfukoni mbele ya watu watatu wenye silaha. Ni kanuni nzuri, na bila hiyo mchezo wote ungeanguka, maana katika mchezo mtu aliyekufa huamka hospitalini baada ya dakika chache bila kupoteza chochote, kwa hiyo thamani yote ya uhai inategemea sisi wachezaji kukubaliana kuigiza kwamba kifo ni kitu kizito. Lakini angalia jinsi inavyotumika. Mateka akionyesha ujasiri kidogo tu, anaadhibiwa kwa kutoogopa. Polisi akivunja mlango ilhali mateka ameshikiwa bunduki kichwani, haadhibiwi na mtu, ingawa ametenda kana kwamba uhai wa raia aliyekuja kuuokoa hauna bei. Ikiwa hofu ni wajibu, basi afande anayeongoza operesheni anapaswa kuwa wa kwanza kuogopa, amwogopee yule aliyeko ndani.

Pia kuna udanganyifu wa mateka wa kupanga. Majambazi humwita rafiki yao, akaja benki akijifanya mteja, wakamteka, na polisi wakalazimika kutii masharti kwa ajili ya mtu ambaye usiku huohuo atagawiwa fungu lake la pesa. Wengine huona huu ni ujanja tu wa mchezo. Mimi naona ndio unaoharibu zaidi kuliko mengine yote, kwa sababu madhara yake hayaishii kwenye tukio moja: rafiki huyo haogopi kwa kweli, huwaambia wenzake kwa simu ya pembeni mahali polisi walipojificha, na polisi wakishagundua mara mbili au tatu, huanza kumshuku kila mateka. Siku anapotekwa mtu asiyehusika, kama yule muuguzi wetu, wanavunja mlango kwa sababu mioyoni mwao hawaamini kwamba yuko mtu wa kuokolewa. Katika seva yetu sasa imekatazwa kumteka mtu wa kikundi chako au mtu uliyepatana naye kabla, na adhabu yake ni kubwa kuliko ya kuua bila sababu. Wachezaji wachache walituona wakali. Sijutii.

Kuhusu masharti, desturi iliyopo katika seva nyingi ni kwamba mateka mmoja hununua jambo moja: ama polisi wasitandaze misumari barabarani, ama helikopta isiruke, ama majambazi waondoke mlangoni bila kupigwa risasi. Desturi hiyo inafaa, kwa sababu inawapa polisi nafasi ya kufanya kazi yao baadaye. Nililoongeza mimi ni jambo dogo: ahadi ya kumwachilia mateka itimizwe mahali anapoweza kupata msaada. Tumeona mateka wakiachiwa juu ya mlima usio na barabara, au wakisukumwa darajani mara tu gari lilipokwisha kuvuka, kisha jambazi akidai kwamba amemwachilia kama alivyoahidi.

Vijana wanaoigiza polisi huniambia kwamba mazungumzo marefu yanachosha na kwamba polisi wa kweli wangevamia. Huwajibu kwa historia. Wakati wa Michezo ya Olimpiki ya Munich, Septemba 1972, polisi wa Ujerumani Magharibi waliwavizia watekaji wanane wa timu ya Israeli katika uwanja wa ndege nje ya mji, wakiwa na wadunguaji watano tu, wasiokuwa hata na redio za kuwasiliana wao kwa wao. Mateka wote waliofikishwa katika uwanja ule wa ndege wakafa, na kwa jumla, mbali na watekaji watano, waliopoteza maisha katika tukio zima ni wajumbe 11 wa timu ya Israeli pamoja na polisi mmoja. Ni baada ya hapo ambapo polisi wa jiji la New York, mwaka 1973, waliunda kikosi cha wapatanishi kilichoanzishwa na Frank Bolz na Harvey Schlossberg, mpelelezi aliyekuwa na shahada ya uzamivu ya saikolojia. Njia waliyoifuata, ambayo imeenea duniani, ni kulizingira eneo, kuzungumza, na kuuacha muda ufanye kazi, kwa kuwa hasira hupungua na uchovu huongezeka kila saa inayopita. Tena mpatanishi hawi kamanda. Anayezungumza na mtekaji hana mamlaka ya kuamua, ili aweze kusema kwa ukweli kwamba itabidi aulize kwa wakubwa wake. Tumelichukua jambo hilo kama lilivyo: katika kila tukio polisi wetu humteua mtu mmoja wa kuzungumza na mwingine wa kuamuru, na tangu tufanye hivyo mazungumzo yamepata uhai, kwa sababu mpatanishi hana budi kusikiliza.

Sisi Waganda hatuhitaji kwenda Munich kujifunza thamani ya muda. Ndege ya Air France iliyotekwa tarehe 27 Juni 1976 ililetwa Entebbe, na jengo la zamani la uwanja ule linajulikana hadi leo. Watekaji walidai wafungwa 53 waachiliwe, wakaweka tarehe 1 Julai kuwa mwisho, kisha wakaisogeza hadi tarehe 4 Julai, na kabla ya makomandoo wa Israeli kufika walikuwa wamekwisha kuwaachilia mateka wengi kwa mafungu mawili. Majambazi wa seva yetu walizoea kutoa dakika mbili, wakihesabu kwa sauti. Siwadai siku tatu, lakini nawataka wajue kwamba mtekaji anayemuua mateka wake baada ya dakika mbili amebaki mikono mitupu mbele ya polisi 10, na hakuna mtu mwenye akili timamu, hata awe mwovu kiasi gani, anayefanya hivyo.

Hata hivyo muda wa mazungumzo na muda wa mateka ni vitu viwili tofauti, na hapa ndipo tulipokuwa tumekwama. Tukiharakisha, tukio linageuka mauaji. Tukirefusha, mtu mmoja anakaa kimya saa nzima akilipia bando. Njia tuliyokubaliana, baada ya vikao vitatu vyenye maneno makali, ni hii: tukio lisizidi dakika 40 tangu mateka aliposhikwa, mtekaji anawajibika kumpa mateka jambo la kufanya, kwa mfano kumsemesha, kumpa simu azungumze na mpatanishi, au kumtuma mlangoni kusoma masharti, na mateka akiwa na sababu ya nje ya mchezo ya kuondoka, kama vile masomo, mtoto anayelia au bando linalokwisha, hulitamka neno moja tulilolichagua, naye hupelekwa nje ya tukio bila maswali na nafasi yake huchukuliwa na raia anayeendeshwa na kompyuta. Neno hilo ni nukta. Nililichagua kwa kuwa hakuna jambazi wala polisi anayelihitaji katika mazungumzo yake.

Neno hilo lina sababu nyingine, nzito kuliko bando. Kuna wachezaji wetu waliotoka kaskazini, na katika familia za huko kutekwa si hadithi ya mchezo. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Oktoba 1996 waasi wa LRA waliwachukua wasichana 139 kutoka shule ya St. Mary's huko Aboke. Sista Rachele Fassera, naibu mwalimu mkuu, aliwafuata kwa miguu porini akiwa na mwalimu mwenzake, John Bosco Ocen, akazungumza na kamanda wao na kumsihi, akarudi na wasichana 109. Thelathini walibaki. Mimi ni mwalimu, na kila ninapoifikiria safari ile hujiuliza ningefanya nini. Sitaki kuitumia kama pambo la hoja yangu. Nataka tu wasimamizi wenzangu wafahamu kwamba mchezaji anayenyamaza ghafla baada ya kufungwa kitambaa machoni, hata kama ni katika skrini, huenda hajavunja kanuni yoyote, na kwamba kumlazimisha aendelee ili asiharibu tukio ni ukatili usiokuwa wa kuigiza. Kwa sababu hiyohiyo tumepiga marufuku kabisa kumvua mateka nguo, kumdhalilisha kwa maneno ya kimwili, na kumtesa, hata pale ambapo mtekaji anadai kwamba mhusika wake ndivyo alivyo.

Niruhusu pia, Mhariri, niseme jambo linalonigusa kama mwalimu wa lugha hii. Wachezaji wetu Waganda huzungumza Kiingereza au Kiganda wanapoigiza wauguzi na wafanyabiashara, lakini wakishika bunduki hubadilika na kuanza Kiswahili: lala chini, toa pesa, funga mdomo. Wanairithi sauti ambayo babu zao waliisikia kwenye vizuizi vya barabarani. Wazee wa Kampala wanalikumbuka neno panda gari, amri ya askari wakati wa misako, na yale yaliyowapata waliopandishwa. Serikali ilikipitisha Kiswahili kuwa lugha rasmi Julai 2022, nasi tunakifundisha darasani, lakini katika masikio ya wengi bado ni lugha ya amri. Ndiyo maana nilifurahi kuliko ninavyoweza kueleza siku mpatanishi mmoja, kijana wa Mwanza, alipochukua redio na kuanza kwa kumsalimu jambazi, akamuuliza hali yake, akamwita ndugu yangu, akamwambia hana haraka, na kwa muda wa dakika 20 akazungumza naye Kiswahili cha kubembeleza kilichojaa subira. Wachezaji wa Kampala walinyamaza wakisikiliza. Jambazi akamtoa mateka bila sharti lolote.

Limebaki suala la mtandao, ambalo kanuni zilizoandikwa Ulaya na Marekani haziligusi. Sisi hatuna bahari. Mawasiliano yetu na seva za mbali hupitia Mombasa na Dar es Salaam, na amri inayotamkwa na jambazi inaweza kumfikia mchezaji wa Gulu ikiwa imechelewa, naye akiinua mikono, mikono hiyo ionekane kwa wengine ikiwa imechelewa tena. Wachezaji wetu wamepigwa risasi mara nyingi kwa kosa la kukaidi ilhali walikuwa wamekwisha kutii. Siku hizi mtekaji hutoa amri, huhesabu hadi tano, kisha huirudia kwa maandishi kabla ya kufyatua. Vilevile umeme ukikatika katikati ya tukio, seva nyingi humhesabu aliyetoweka kuwa ametoroka ili asikamatwe, na humfungia kwa siku kadhaa. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za intaneti za EASSy na Seacom zilipokatika baharini, sehemu kubwa ya Afrika Mashariki ilikwama, na ingekuwa dhuluma kumwadhibu mtu kwa ajili ya hilo. Sisi humsubiri aliyepotea kwa dakika 15, awe polisi, jambazi au mateka, na tukio husimama. Wako wanaoitumia huruma hii vibaya, wakizima mashine pingu zinapokaribia. Hao tunawatambua kwa kuwa umeme wao hukatika siku za kukamatwa tu.

Jambo moja bado limetushinda, na ndilo lililonifanya niandike barua hii badala ya kuishia katika vikao vyetu. Je, mateka aruhusiwe kutoroka? Polisi wetu wanasema aruhusiwe, kwa sababu watu wa kweli hutoroka walinzi wanapozubaa. Majambazi wanasema kila mateka atajaribu, na kanuni ya kuthamini uhai itakuwa haina maana. Mimi naelekea kuwaunga mkono polisi, kwa sharti kwamba mateka awe ameachwa bila mtu wa kumwangalia na bila pingu, lakini sijawashawishi wenzangu. Najua wako wasomaji wako wanaosimamia seva kama yetu Nairobi, Arusha, Bujumbura na Goma. Ningeshukuru kusoma katika safu hii jinsi wao wanavyoamua, kwani yule mwanafunzi wa Gulu amekubali kurudi Jumamosi, na swali la kwanza aliloniuliza ni hilo.

Wako mtiifu,
Mwalimu wa Kiswahili, Jinja
(Jina limehifadhiwa)